Mkono wa Kumshika Mishi

Hapo zamani, watoto wangu, wala si zamani ya majitu, palikuwa na mji ambao watu wa msikiti na watu wa kanisa waliuana siku tatu. Mishi, binti wa miaka saba, alifiwa na baba na mama siku ya kwanza.

Jirani yao Dorkas, mshona nguo, alimficha chini ya cherehani. Siku ya pili akamvua mtandio, akamfundisha Baba Yetu tangu alfajiri hadi adhuhuri, maana kwenye kizuizi cha njia ya kutokea mjini, watu wa kanisa walikuwa wakiwauliza wapitao sala hiyo. Aliyeijua alipita. Asiyeijua hakupita.

Walipofika kwenye kizuizi hicho, Mishi alikwama katikati ya sala. Kijana mmoja mwenye panga, Lameki, alimtambua. Akajifanya anakohoa, akamnong'oneza maneno yaliyobaki. Mishi akayafuata, akapita.

Akakaa kwa Dorkas mwaka mzima. Alilala na viatu. Mlango ukigongwa, aliingia chini ya cherehani.

Ndipo akaja shangazi yake, Mwanahawa, aliyekuwa akimtafuta kambi baada ya kambi. Alimkumbatia, akalia, akamwomba asome Alhamdu kidogo tu, ajue bado ni mtoto wao. Mishi akaanza Baba Yetu, mbio mbio, na mkojo ukamtiririka miguuni.

Wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, aamue mtoto akae na nani.

Mwanahawa akasema, "Huyu ni damu ya kaka yangu. Dada, umemwokoa, Mungu akulipe. Lakini umemfuta."

"Nimemfuta?" Dorkas akauliza. "Ningemwacha na sala yake, ungekuja kumsomea wewe kaburini."

Lameki naye alikuja, bila kuitwa. Alisema hadai mtoto. Ila yeye peke yake ndiye ajuaye walikofukiwa wazazi wa Mishi, na anaomba amshike mkono ampeleke, mara moja tu.

"Mkono upi?" Dorkas akamuuliza. "Ule wa panga?"

Lameki akainama.

Mwenyekiti akachoka. Akamgeukia mtoto, akalainisha sauti. "Haya, mama, sema mwenyewe. Utoke hapa umeshika mkono wa nani?"

Mishi aliwatazama mmoja mmoja. Akatazama mlango. Kisha akauliza, polepole sana:

"Nikikosea jibu, mtanifanya nini?"

Basi semeni ninyi, watoto wangu, na mtu asipaze sauti: je, kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili kushikwa mkono?