Sangara wa Kumpa Mtoto Jina

Hapo zamani, sikilizeni na mjiandae kugombana, katika kijiji cha Bukombwe kando ya ziwa, mtoto hakupewa jina hivi hivi. Kwanza mama yake alitakiwa anywe supu ya kichwa cha sangara, na sangara huyo awe amevuliwa kwa ndoano, si kwa wavu. Aliyemvua ndiye aliyemkabidhi mzazi bakuli na kulitamka jina. Mpaka hapo, mzazi hatoki nje, na baba mtoto haruhusiwi kugusa hata uzi wa ndoano. Waliotunga utaratibu huu walikuwa wanaume, na sijasikia kwamba yupo kati yao aliyewahi kuzaa.

Basi Nyanjura akajifungua binti. Jina alikuwa nalo moyoni tangu tumbo lilipoanza kuonekana: Nyabwire, jina la mama yake, aliyefariki kabla ya kumwona mjukuu. Nyanjura alikuwa bado anamlilia. Alichobakiwa nacho cha mama huyo ni kanga moja nyekundu, na ndiyo aliyomfunikia mtoto. Lakini kazi ya sangara iliwaangukia shemeji zake watatu, ndugu wa mumewe, watu ambao Mungu aliwajalia kila kitu isipokuwa samaki.

Magesa, mkubwa wao, alikuwa fundi wa chambo. Alichonga visamaki vya mti, akavipaka rangi, akavitia macho ya shanga. Alikuwa na chambo cha asubuhi, chambo cha mchana, chambo cha maji machafu, na kimoja kizuri mno ambacho alikataa kukilowesha.

"Sangara anakula kwa macho," alisema. "Chambo ndicho kila kitu."

"Mkono ndio kila kitu," alisema Bugingo, wa pili. "Vuta, acha, tikisa, vuta. Mimi hata ukinifungia kijiko, sangara atakuja."

Mafuru, wa mwisho, hakuwa na neno juu ya chambo wala mkono. Alikuwa na usingizi. Kazi yake ilikuwa kupiga kasia, na aliifanya akiwa amefumba macho.

Kila asubuhi Nyanjura aliwaona wakiondoka, kupitia dirisha lililotazama ziwa. Kila jioni walirudi wamebeba maelezo.

"Shemeji, leo maji yalikuwa baridi mno."

"Poleni," alijibu Nyanjura.

"Shemeji, leo maji yalikuwa moto mno."

"Poleni."

"Shemeji, leo maji yalikuwa mazuri sana. Sangara walikuwa wanastarehe tu, hawakutaka kula."

"Poleni jamani. Naona maji hayo yanawaonea."

Mumewe Masatu, aliyekatazwa kugusa uzi, aliketi kizingitini akiwafundisha wote watatu namna ya kuvua. Katazo hilo lilimpendeza sana.

Nyanjura aliwatania, lakini moyoni aliogopa. Alimwomba kila mmoja kwa zamu: "Shemeji, ukimpata, tafadhali mwite Nyabwire." Magesa akasema ni jina zuri, ila Nyamagesa linapendeza zaidi. Bugingo akasema ni jina zuri, ila Nyabugingo lina uzito. Mafuru akasema Nyamafuru, akapiga miayo.

Asubuhi moja Magesa, aliyeishiwa maarifa, akaiona ile kanga imeanikwa uani. Hakuuliza. Alikata kipande cha pindo, akakifunga kwenye ndoano iliyoning'inia chini ya kisamaki chake, akaenda zake. Nyanjura alipoletewa kanga na kuikuta imekatwa, alilia kwa uchungu kama aliyefiwa upya.

Alikuwa bado analia aliposikia makelele, akatazama dirishani. Mtumbwi ulikuwa karibu na matete. Bugingo alikuwa amesharusha ndoano. Vuta, acha, tikisa, vuta. Maji yakapasuka, na sangara mkubwa akabana chambo kwa nguvu hata kile kisamaki cha mti kikagawanyika vipande, vikaelea, macho ya shanga na yote.

"Legeza uzi!" Magesa alipiga kelele.

"Usinifundishe mkono wangu!" alijibu Bugingo, akavuta kwa hasira. Uzi ukakatika. Mtumbwi ukayumba, na Mafuru akatoka usingizini moja kwa moja hadi majini, pale pale sangara alipokuwa amenasa kwenye matete. Alipoibuka alikuwa amemkumbatia, vidole vimezama kwenye mashavu ya samaki. Aliyeshangaa kuliko wote alikuwa Mafuru.

Nyumbani, mkunga Bibi Nyakwesi alimfunua sangara kinywa. Ndani ilikuwemo ndoano ya Magesa, na kwenye ndoano, kipande chekundu cha kanga. Supu ikapikwa, ikaiva, ikapakuliwa. Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Ndoano yangu, chambo changu," alisema Magesa. "Nipe bakuli."

"Chambo chako kiliogelea siku zote bila kutongoza hata furu, kile kisamaki kidogo," alisema Bugingo. "Mkono wangu ndio uliomfanya sangara aamini. Nipe mimi."

"Mkono wako ulikata uzi," alisema Mafuru. "Mimi nilimkamata. Niliruka."

"Ulianguka!"

"Basi nilianguka. Angukeni na ninyi, tuone mtaibuka na nini."

Nyanjura akamkabidhi mkunga mtoto, akasimama.

"Mti ulipasuka, shemeji zangu. Uzi ulikatika. Kilichobaki kinywani mwa samaki ni nguo ya mama yangu. Siku zote mlirudi mikono mitupu. Kilipoingia kitambaa chake, sangara akaja. Kanga mmeiiba. Jina lake pia mnataka kuliiba?"

Magesa aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. "Nilikosea kukata, shemeji, nisamehe. Lakini mwenye kitambaa si mvuvi. La sivyo, hata mwenye shamba nilikokata mti aje adai."

Wote wakamgeukia Masatu. "Mimi sijagusa uzi," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na ushauri.

Bibi Nyakwesi, aliyezalisha nusu ya kijiji bila kuishiwa maneno, sasa yalimwishia. Mtoto kwenye mkono mmoja, bakuli kwenye mwingine, na mikono minne imenyooshwa mbele yake: wa aliyetengeneza chambo akaiba kanga, wa aliyemshawishi samaki akampoteza, wa aliyemkamata kwa kuanguka, na wa mama aliyeibiwa, ambaye hakukanyaga mtumbwini.

Amekwama, ndiyo maana nawauliza ninyi. Ila jibuni kwa kufikiri, kwa sababu Bukombwe jina likishatamkwa halibadilishwi, hata na mama aliyeamka na jingine moyoni kila siku ya mimba yake. Je, nani alistahili kulitamka?