Kasha Lisilopata Joto

Jumapili, saa kumi alasiri, kasha la mbao lilikuwa mahali pake pa kawaida katika sebule ya Hirwa, mtaani Kimironko. Lilikuwa limefutwa vumbi, na kitambaa chake cha mbele hakikuwa na doa. Kwa aliyelitazama kwa nje, hakuna kilichobadilika.

Ndani hakikubaki kitu cha zamani. Amplifaya iliyokuza sauti kwa taa za kioo, ambayo kasha hilo lilitengenezewa, Hirwa alikuwa ameitoa na kumpa mchuuzi wa vyuma chakavu, akaweka humo amplifaya ndogo ya transista. Sababu zake hazikuwa mbaya. Taa zile zilipasha sebule joto kama tanuri, na zilipoungua hazikupatikana kwa urahisi. Tena Bruce, mwenzake wa ofisini Kiyovu, alikuwa amemcheka mbele ya wageni: "Hirwa, hii iko redio ao iko imbabura? Weka sufuria ya maharagwe juu, tukule!" Wiki hiyo hiyo taa zikaondoka.

Tatizo lilikuwa mtu aliyempa zawadi hiyo. Mzee Eustache, baba mkwe wake, alimpa amplifaya hiyo siku ya harusi, badala ya ng'ombe ambaye wazazi wa bibi harusi humpa mkwe. "Mjini hakuna malisho," alisema mbele ya koo mbili. "Huyu ndiye ng'ombe wangu." Na ng'ombe wa namna hiyo haondolewi zizini kabla aliyemtoa kama zawadi hajaarifiwa.

"Mwambie kabla hajaketi," Mugeni alimsihi mumewe asubuhi ile. "Baba hali watu. Njia ya mwongo ni fupi, Hirwa."

"Atajuaje? Kasha ni lile lile."

Mzee Eustache alifika kutoka Kicukiro akiwa na mfuko wa karatasi mkononi. Alisalimia, akaketi karibu na kasha, akatabasamu.

"Ng'ombe wangu hajambo?"

"Hajambo kabisa, Baba." Hirwa aliona hayo hayatoshi, akaongeza kiapo ambacho Mnyarwanda humwapia mtu aliyemfadhili: "Naapa kwa Eustache aliyenipa ng'ombe, sijagusa hata taa moja."

Mugeni, aliyekuwa ameshika sinia ya chai, aliinamisha macho.

"Basi washa, tusikie kwaya ya redioni. Taa zikiwa zinapata moto, nitakuambia kilichonileta."

Taa za kioo hukaa kimya mpaka zipate moto. Mzee Eustache alizoea kuyasema maneno yake mazito katika kimya hicho. Hata baraka za ndoa alizitolea humo. Aliweka kiganja juu ya kasha, akakohoa kidogo. Hirwa akabonyeza swichi.

"Mwanangu, nimekuja—"

Kwaya ilimkatiza. Sauti zilijaa sebuleni papo hapo, safi, bila mkwaruzo.

Kiganja cha mzee kilibaki juu ya mbao. Mbao ilibaki baridi. Hirwa alipunguza sauti, kisha akazima kabisa. Uso ulimshuka, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, nili—"

"Kaa, mkwe wangu," mzee alisema bila kupaza sauti. Alifungua mfuko wake, akatoa taa nne za kioo zilizofungwa kwa pamba, akazipanga mezani. "Nimezitafuta mpaka Kampala. Nilitaka kukuambia kwamba hizi ndizo za mwisho. Zikiungua, badilisha mashine, wala usinionee haya. Mimi mwenyewe nasikiliza transista tangu nikupe ile. Haina ubaya wowote."

"Nisamehe, Baba."

"Kwa mashine hatuna kesi. Lakini umeniapia uongo kwa jina langu, nami nimeketi hapa."

Alisimama. Chai ilikuwa bado haijamiminwa. Hirwa naye aliinuka, kwa maana mgeni husindikizwa na mwenye nyumba.

"Mugeni atanisindikiza," alisema mzee.

Baba na binti walitoka. Hirwa alibaki amesimama mbele ya taa nne. Alikuwa ametegemea kasha limfichie siri yake miaka mingi, lakini uongo wake haukudumu hata mpaka mzee aseme kilichomleta. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.