Mkia Uliobaki kwa Kifaru

Hapo zamani za kale, kabla bibi yangu hajaota jino la kwanza wala kung'oka la mwisho, wanyama walikuwa na nyumba, mashamba na sheria. Ndiyo, sheria. Msinitazame hivyo. Mnadhani sheria zilianza na nyinyi, mnaoogopa kengele ya shule?

Basi huko nyikani alikaa Kifaru. Nyumba kubwa, ua mkubwa wa miiba, na ndani yake yeye peke yake. Mkewe alikuwa amekufa mwaka wa tatu sasa, na watoto hawakujaliwa. Majirani hawakumjia, maana Kifaru haoni vizuri, na akishtuka hupiga pembe kwanza ndipo aulize ni nani. Kwa hiyo hakuna aliyebisha hodi kwake. Kila jioni alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, akala wake, ule wa pili akautazama mpaka ukapoa.

Upweke ni kitu kibaya, wanangu. Mimi naujua, lakini hiyo si hadithi ya leo.

Asubuhi moja Kifaru alipita kwenye mawe mekundu ya kina Guruguru. Mnamjua guruguru, yule mjusi mnene wa magamba, akikuona tu, churu! keshaingia shimoni. Wale guruguru walikuwa na desturi ya kujipanga juu ya jiwe kuota jua, mama yao mwanzo, kisha watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kila mmoja akisogea kidogo kumpisha anayemfuata. Kifaru aliwatazama wanavyosukumana na kuchekana, roho ikamuuma. Akamfunika mmoja wa katikati kwa ungo, akamtia kapuni, akaenda naye nyumbani.

Hakumtesa. Hilo niliseme, msije mkamchukia bure. Alimpa kumbikumbi wa kukaanga, akamwekea mchanga laini wa kulalia, na jioni akakaa naye akimsimulia habari zake mpaka usingizi umchukue. Lakini sakafu ilikuwa ya mawe matupu, mlango wa mbao nzito, na kucha za Guruguru hazichimbi jiwe. Kila alipoamka, Guruguru alisogea kidogo upande wa kushoto ili ndugu yake apate nafasi, kisha akakumbuka kwamba hakuna ndugu. Halafu akakwaruza mstari mmoja ukutani.

Mistari ile haikuwa mchezo. Baraza la nyika lilikuwa na sheria juu ya viumbe watambaao, na hata watoto wao walifundishwa. Hakuna kumkamata mtambaazi wa porini bila kibali cha baraza. Mwenye kibali hapewi zaidi ya mmoja, na hapewi mwenye mayai. Na lile lililomkosesha Guruguru usingizi ni hili: aliyefungiwa nyumbani kwa mtu siku thelathini harudi tena porini, maana zamani kuna kinyonga alirudi na kikohozi cha nyumbani kwa watu, kikamaliza ukoo mzima. Jua la siku ya thelathini likizama uko ndani, basi, hapo ni kwako mpaka kufa.

Kifaru kibali hakuwa nacho. Aliona aibu kwenda barazani kuomba mwenzi mbele za watu.

Siku ya ishirini na nane akapita Bi Twiga, afisa wa baraza mwenye kukagua maboma. Huyo hahitaji mlango, anachungulia tu juu ya ua. Kifaru alikuwa amemweka Guruguru mlangoni apate jua; aliposikia kwato, mbio mbio akamfunika kwa tenga la kuku. Mkia ukabaki nje.

Bi Twiga alimwamkia vizuri, akauliza hali, akauliza mvua, kisha akauliza ule mkia ni wa nani.

"Ni wa mgeni wangu," akasema Kifaru.

Guruguru huko ndani ya tenga alipiga kelele mpaka koo likakauka. Alisema yeye si mgeni, amekamatwa, ana mama. Lakini masikio ya Bi Twiga yako juu kabisa, karibu na mawingu. Kuona anaona kila kitu. Kusikia sauti ya chini, hapo ndipo kazi.

"Kama ni mgeni, sheria haina neno naye," akasema Bi Twiga. "Mgeni huja kwa miguu yake na kuondoka kwa miguu yake. Keshokutwa ni siku ya thelathini tangu guruguru mmoja wa mawe mekundu apotee. Nitapita kabla jua halijazama. Nikimkuta hapa, nitamwandika kuwa ni wa kufugwa. Tutagombana mimi na wewe juu ya kibali, lakini yeye porini hatarudi."

Akaondoka zake. Kifaru alikaa chini, akahesabu kwa vidole vyake vitatu vya mguuni. Ugomvi na Bi Twiga aliuona si kitu. Siku mbili tu, na hatakula peke yake tena maisha yake yote. Alifurahi, masikini, mpaka machozi yakamtoka.

Guruguru alipofunuliwa hakulia tena. Alikuwa akifikiri.

"Mzee Kifaru," akasema, "umesema mbele ya serikali kwamba mimi ni mgeni wako."

Kifaru akakiri, huku akitazama pembeni.

"Nami nimekaa siku ishirini na nane. Kwenu hawasemi kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Bi Twiga akija keshokutwa akiniona nimekaa tu nimenenepa, shamba lako limejaa magugu, atajua mimi si mgeni wala nini. Nipe jembe, mzee wangu. Tulime pamoja."

Mnaona ujanja huo? Lakini mimi nawaambia, haukuwa ujanja uliomwangusha Kifaru. Lilikuwa neno *pamoja*. Miaka mitatu hakulisikia. Alikwenda uvunguni, akatoa kijembe kidogo cha kupalilia cha marehemu mkewe, akakifuta vumbi kwa upande wa shavu lake.

Asubuhi ya siku ya ishirini na tisa wakatoka shambani, ndani ya ua uleule. Kifaru hakuwa mjinga kabisa. Alikuja na kamba ya mkonge. Akataka kumfunga kiunoni. Guruguru akasema kiunoni itamzuia kuinama, amfunge mkiani, maana mkia ndicho kitu anachokipenda kuliko vyote mwilini mwake, na guruguru hawezi kwenda popote bila mkia wake. Kifaru akafunga mkiani, fundo kubwa kama ngumi.

Nyinyi mnacheka kwa sababu mmewahi kumkimbiza mjusi. Kifaru hakuwahi. Na siku ishirini na nane alizokaa na Guruguru, alikuwa amemsimulia kila kitu chake; hakumwuliza hata jambo moja la kwao.

Guruguru akachagua kupalilia pembezoni, chini ya miiba, ambako udongo ni mkavu lakini chini yake ni laini. Kifaru akakaa kivulini upande wa pili, ncha ya kamba ameizungusha kwenye pembe. Kijembe kikaanza, kwe, kwe, kwe. Ganda la juu likavunjika. Guruguru akasema kazi bila hadithi haisogei, naye angependa kusikia habari za huyo mwenye kijembe.

Kifaru akaanza. Akaeleza mkewe alivyokuwa akiimba vibaya kuliko ndege wote wa nyika. Akaeleza ugomvi wao juu ya chumvi, uliochukua mvua nzima. Akaeleza siku aliyokufa, jinsi mkewe alivyomwita kwa jina mara tatu, na yeye akajibu mara tatu, na mara ya nne hakuitwa.

Guruguru alikuwa ameshaegesha kijembe akachimba kwa kucha, na huko chini ya udongo alisikia yote. Kucha zake zilikuwa zimeshafika upande wa pili wa ua. Hewa ya nje ilimgusa pua, yenye harufu ya mawe yaliyopata jua. Akasimama. Alimwonea huruma yule mzee, huruma ya kweli, akaona haya kwa alichokuwa karibu kukifanya. Kisha akakumbuka ile nafasi tupu juu ya jiwe, na mama yake anayeitazama kila asubuhi.

Akajikaza, akajipinda. Tak! Mkia ukakatika.

Mkia wa guruguru ukikatika haufi mara moja, unaruka-ruka. Kifaru akavuta kamba kidogo, akahisi inachezacheza, tiki, tiki, tiki. Akatabasamu.

"Usijichoshe, mwanangu," akasema. "Mahali palipobaki tutalima kesho."

Tiki, tiki.

"Mwakani tutapanda kunde hapo. Yeye alipenda kunde. Wewe unapenda kunde?"

Ndilo swali la kwanza alilopata kumwuliza. Kamba ilicheza mara moja, ikatulia. Kifaru akangoja jibu. Akavuta tena. Akavuta tena. Mwishowe akaondoka kivulini, akafuata kamba kwa pua yake mpaka chini ya miiba, akakuta kijembe kimeegeshwa vizuri, shimo, na mkia.

Hakupiga pembe. Hakukimbia kokote. Alikaa pale mpaka jua likahama.

Siku ya thelathini Bi Twiga akaja kama alivyoahidi, shingo ikapita juu ya ua. Akauliza mgeni yuko wapi.

Kifaru alikuwa ameshika ule mkia mkavu. Angeweza kusema ameibiwa. Angeweza kusema apewe kibali akamate mwingine, nyikani guruguru wako tele.

"Ameondoka kwa miguu yake," akasema.

Bi Twiga akaitikia kwa kichwa taratibu, akaenda zake bila kuandika kitu. Na jioni hiyo Kifaru alifanya jambo ambalo hakulifanya tangu msiba: aliondoa gogo la miiba lililoziba lango la ua, akaliacha wazi. Akasonga ugali wa wawili. Akala wake. Wa pili ukapoa.

Ikawa hivyo siku nyingi. Mvua ikaja, kunde zikaota, zikakomaa, hakuna aliyepita langoni ila upepo. Msidhani mlango ukifunguliwa leo basi kesho watu wanajazana.

Kisha alasiri moja, Kifaru akiwa anapepeta kunde, akasikia sauti ndogo sana huko chini langoni.

"Hodi."

Kifaru akashtuka. Pembe ikainuka yenyewe, kwa mazoea. Akaishusha. Akatafuta neno la kuitikia, maana lilikuwa halijatoka kinywani mwake miaka mingi, na lilipotoka lilikwaruza kama bawaba yenye kutu.

"Karibu."

Guruguru akaingia hatua tatu, akakaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, mkia wake mpya ukiwa mfupi na wa rangi nyingine. Akasema kunde anazipenda, aliulizwa siku ile akakosa nafasi ya kujibu. Wakala. Kabla jua halijazama Guruguru akaaga, akaenda kwao, na Kifaru hakumshika. Alibaki peke yake tena, akaosha vyombo viwili.

Mwenzi hafungwi kamba, wanangu. Huachiwa mlango wazi.