Ufunguo wa Gari la Bi Nanzia

Sogeeni. Anayetingisha mguu aendelee tu kuutingisha, maana hadithi hii hata mimi ninayeisimulia hainipi utulivu. Nikiwaacha njiani msinilaumu, kwa sababu na mimi niliachwa hapohapo.

Chini ya milima ya Upare, upande wa nyika, kuna kijiji cha wakulima wa vitunguu. Mwezi wa pili jua la huko huwaka mpaka mbwa wanakanyaga chini kwa zamu, mguu huu kisha ule. Waliishi hapo watu watatu wenye vipaji.

Fundi Senkondo alikuwa na sikio. Gari likipita barabarani yeye yuko ndani anakula, atakwambia ni plagi ipi imechoka. Nakijwa, mke wa mtoto wa Bi Nanzia, alikuwa na kiganja. Aligusa sufuria, au paji la uso la mgonjwa, au injini ya kuvuta maji shambani, akajua joto limefika wapi na limebakiza nini. Dereva Mzava yeye alikuwa na mguu. Alikanyaga mafuta kwa upole, kama mtu anayepita kwenye chumba alicholala mtoto mchanga.

Bi Nanzia alikuwa na gari. Lilikuwa la petroli, kuukuu, ameachiwa na marehemu mumewe, na hapakuwa na jingine kijijini. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Mwezi mmoja kabla, Senkondo aling'oa kasha la zamani la kuchujia hewa akafunga chujio jipya, jekundu, lililo wazi chini ya boneti. "Sasa linapumua," aliwaambia watu wote waliokubali kusimama kumsikiliza. Kweli likanguruma kama lori. Asubuhi lilikwenda vizuri. Mchana sikio lake likasikia kitu ambacho hakutaka kukisikia: gari lilikuwa zito. Akanyamaza, kwa kuwa alikuwa ameshajisifu mno.

Siku moja, saa sita mchana, Nampombe, kitinda mimba wa Bi Nanzia, aliumwa na nyoka, kifutu, akipalilia vitunguu. Mguu ukaanza kuvimba wakiuangalia. Hospitali iko juu mlimani, na njia yake ni kona tupu. Bi Nanzia alivua ufunguo akamkabidhi Mzava. "Naapa kwa jina la marehemu mume wangu," alisema, "atakayemfikisha mwanangu akiwa hai, gari ni lake."

Wakaondoka wote, Senkondo na Nakijwa wakiwemo, mgonjwa amelazwa nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake.

Kona ya kwanza, gari likakosa nguvu. Likakohoa, likazima. Senkondo aliruka chini, akafunua boneti, akasikiliza chuma kikilialia. Hapo akakiri kwa sauti yale aliyoyaficha mwezi mzima. "Chujio langu linavuta hewa iliyopashwa moto na injini yenyewe. Nimelinyonga gari." Ndani kulikuwa na bomba nene la kumwagilia shamba. Akalikata, akalifunga kwenye chujio kwa mpira wa tyubu, akapitisha mdomo wake nje, pembeni ya taa ya mbele, livute hewa ya barabarani. Gari likawaka, likapanda.

Kona ya tano, likaanza tena kukatakata. Nakijwa aliweka kiganja kwenye pampu ya petroli akakiondoa haraka. "Petroli inachemka humu, haifiki kwenye injini," alisema. Walikuwa na dumu moja la maji ya kunywa. Akalowesha khanga yake, akafunga boneti kwa kamba ikiwa wazi kidogo, akapanda juu ya bawa la gari, pale juu ya gurudumu la mbele, na kusukuma mkono ndani. Kona baada ya kona alikamulia maji juu ya ile pampu, feni ikizunguka shubiri moja tu kutoka vidole vyake. Alibabuka kiganja. Gari likapanda.

Kona ya tisa, mshale wa joto ukaingia kwenye alama nyekundu. "Simama lipoe," alisema Senkondo. "Likisimama hapa haliwaki tena," alisema Mzava, na akafanya jambo lililowafanya wamdhanie amerukwa na akili: akafungulia hita. Joto la injini likamiminika ndani ya gari, juu ya miguu yake, juu ya mgonjwa. Bi Nanzia alimpepea mwanawe akilia. Mzava akabaki gia namba moja, mguu hautikisiki, viatu vikinuka mpira. Mshale ukarudi nyuma, na gari likapanda mpaka getini.

Nampombe alipona, na mguu wake anao. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, angesema mengine.

Ndipo balaa lilipoanza.

"Injini isiyo na hewa nzuri haina nguvu," alisema Senkondo. "Kama nisingelipatia gari hewa, mngepooza nini?"

"Nilikuwa juu ya bawa, fundi, na hiyo hewa yako ya nje ilinichoma uso," alijibu Nakijwa. "Halafu hewa mbaya uliileta wewe na chujio lako. Unataka zawadi kwa kurudisha ulichoondoa?"

"Mlipomaliza kutengeneza, gari bado lilikuwa linakufa mikononi mwangu," alisema Mzava.

Wiki iliyofuata wakajaribu. Bomba likatolewa, wakapanda saa moja asubuhi. Gari likafika bila shida. Wakarudia saa saba mchana, vilevile bila bomba, likazima kona ya nne. Senkondo akacheka. Lakini mchana huo Mzava alikuwa na homa na aliyeendesha ni shemeji yake, mwenye mguu wa tofali. Mnaona? Kila ukidhani umeshika jibu, linakuponyoka.

Bi Nanzia hakukaa chini tena. Alizunguka ua na ufunguo mkononi. Kiapo hawezi kukirudisha. Lakini akimpa mmoja, wawili watanuna na kwenda zao, naye alikuwa akijua kwamba hakuna hata mmoja wao anayeweza kuupanda mlima ule peke yake. Wao watatu wakakubaliana jambo moja tu: hakuna atakayeligusa gari mpaka Bi Nanzia aamue.

Siku nyingine, saa sita mchana, mtu alikuja mbio uani kutoka mashambani. Mke wa jirani ameumwa na nyoka, wanambeba, wako njiani. Wale watatu, waliokuwa hapo wakingoja uamuzi, wakasimama. Senkondo alitazama bomba, Nakijwa akaitazama khanga yake, Mzava akautazama ufunguo. Hakuna aliyesogea.

"Mama," aliuliza Mzava taratibu, "nikiendesha, nitakuwa naendesha gari la nani?"

Bi Nanzia amenyoosha mkono, na ufunguo umo kiganjani. Haya, ninyi mnaosikiliza: auweke mkononi mwa nani? Msiniambie mtafikiria mpaka kesho. Mgonjwa ameshafika uani.