Fisi, Liwali wa Chemchemi

Mwaka huo mvua zilipita mbali. Katika mbuga ya Simba likabaki dimbwi moja tu, ambalo asubuhi lilinywewa na jioni likawa tope. Ng'ambo ya mbuga, juu ya majabali, walikaa pimbi, na wao walikuwa na chemchemi. Haikuwa kubwa, ila ilitoka ndani ya mwamba na haikukauka.

Simba hakupenda kuomba. Tangu azaliwe hakuwahi kumwomba mtu kitu, na aliona aibu kuanzia kwa mnyama asiyemfika hata gotini.

"Mfalme wangu, uombe kwa nini?" alisema Fisi. "Pimbi wanakupenda. Wakikuona tu watashuka na vigelegele. Nipe jeshi, na kesho kutwa mchana utakuwa unaoga kule juu."

"Wakikataa?"

"Pimbi wakatae! Wakatae kwa meno yapi?"

Simba akamfanya Fisi jemadari. Ikatangazwa mbugani kwamba hii si vita, ni safari ya kuwajulia hali majirani, na atakayeiita vita atakatwa mkia. Nyumbu wakakusanywa kwa mamia, wakaambiwa wanapelekwa malishoni. Nyati wakatangulia, pembe juu. Simba mwenyewe akabaki kivulini, akaagiza karamu ya ushindi ianze kuandaliwa.

Kesho kutwa ikafika. Njia ya kupanda majabali ilikuwa nyembamba, ya kupita mmoja mmoja. Nyati wa kwanza aliingiza kichwa katika ufa akimfukuza pimbi, pembe zikanasa. Wa pili akamgonga nyuma, wa tatu akamgonga huyo, na nyumbu wakaendelea kusukumana mpaka njia nzima ikaziba. Hapo pimbi wakatokeza vichwa juu, wakaanza kuporomosha mawe. Nungunungu, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alikasirika kwa kuharibiwa usingizi. Akaja akakaa katikati ya njia, miiba imesimama.

Siku hiyo walikufa nyumbu saba. Pimbi nao walikanyagwa watatu kabla ya kufika mapangoni, mmoja wao binti wa Bi Pimbi, mkubwa wa majabali yale. Bi Pimbi alimfukia kwa mikono yake, kisha akarudi kwenye mawe.

Fisi alizitazama maiti za nyumbu. Akameza mate.

"Rudini nyuma mpumzike," akawaambia askari. "Mashujaa hawa nitawazika mwenyewe, kwa heshima zote."

Hakuna aliyeona kaburi.

Tangu siku hiyo Fisi hakuwa na haraka tena. Kila asubuhi alipeleka habari kwa Simba: "Mfalme, tumeteka jabali la kwanza. Ongeza nyumbu." Mara tena: "Tumeteka la pili. Ongeza nyumbu." Mwishowe: "Chemchemi ni yetu, imebaki kufagia tu. Ongeza nyumbu." Nyumbu wakaletwa, wakapandishwa, wakaporomoka. Waliobaki walikonda mbavu zikatokeza. Jemadari wao alinenepa mpaka akawa akiinuka anahema.

Wanyama wa nchi jirani wakakusanyika barazani kwa Tembo. Tembo angeweza kuimaliza vita ile kwa kutembea tu mpaka pale, lakini alichukia kugombana na wakubwa. Siku ya kwanza alisema amesikitika. Wiki ya pili alisema amesikitika sana. Pimbi wengine wawili walipouawa, alisimama, akapepea masikio, akatangaza kwamba safari hii amesikitika mno.

"Tunashukuru kwa masikitiko, mzee wetu," alisema Sungura, ambaye Bi Pimbi alimtuma kuwa mjumbe wake. "Ila hayazuii pembe. Mwite Simba aje tuzungumze mbele yako."

Simba akaja kwa madaha, Fisi akihema nyuma yake.

"Chemchemi nimekwisha kuiteka," alisema Simba. "Sina la kuzungumza."

Sungura akamgeukia Fisi. "Ni kweli, jemadari?"

"Kweli tupu!"

"Basi Bi Pimbi amekubali yaishe," alisema Sungura. "Amechoka kuzika. Anaomba jambo moja tu: mfalme apande mwenyewe akanywe, wanyama wote wakiona, ijulikane mwenye maji ni nani. Hatutarusha hata kokoto."

Fisi akakohoa. "Mfalme, jua ni kali, njia ina vumbi, ungengoja kwanza tu..."

"Nina kiu," alisema Simba. "Na chemchemi ni yangu. Twende."

Wakaenda wote. Chini ya majabali Simba akawakuta nyumbu wamelala, ndimi nje. Yule nyati wa kwanza alikuwa bado amenasa, wenzake wakimlisha majani makavu. Nyuma ya jiwe kubwa palikuwa na lundo la mifupa, imetafunwa ikasafishwa.

"Jabali mliloliteka ni lipi?" aliuliza Simba.

Nyumbu jike mmoja mzee akajikongoja mbele. "Mfalme, sisi tuliambiwa tunakwenda malishoni. Hatujateka kitu. Mwanangu yuko pale." Akaonyesha lundo kwa pembe. "Jemadari alisema atamzika."

Simba akageuka. Kwa mara ya kwanza akalitazama tumbo la Fisi. Makucha yakamtoka yenyewe.

Sungura akasogea, akamnong'oneza. "Taratibu, mfalme. Macho yote yako kwako. Ukimuua, utakuwa umekiri kwamba umedanganywa na umeshindwa, tena na pimbi. Sema umeshinda, umetosheka, unarudi nyumbani. Sisi hatutabisha. Ila nchi iliyotekwa huachiwa liwali. Nani anayestahili kuliko aliyeiteka?"

Simba akawaza kidogo. Kisha akatunisha kifua.

"Safari ya kuwajulia hali majirani imefanikiwa!" akanguruma. "Jeshi linarudi. Kuanzia leo Fisi ni liwali wa chemchemi. Atabaki peke yake, maana kazi amekwisha kuimaliza. Nikimwona akikanyaga mbuga yangu, nitajua ametoroka kazini."

"Mfalme!" Fisi akalia, akajitupa miguuni pake. "Mfalme, hawa wataniua!"

"Raia wako?" aliuliza Simba. "Si wanakupenda?"

Akaondoka, kichwa juu, koo kavu. Njiani alihutubia juu ya ushindi wake mpaka sauti ikamkauka, na alipogeuka kusikia shangwe, waliomfuata walikuwa nyati wachache tu. Tembo alitangaza kwamba amefurahi.

Nyumbu hawakuondoka. Walisimama chini ya majabali, yule mama mzee mbele yao.

Bi Pimbi akashuka mpaka jiwe la mwisho. "Shikamoo, Bwana Liwali," akasema. "Kazini kwako ni huku juu. Panda."

Fisi akatazama juu. Nungunungu alikuwa amekaa njiani, na kila mwamba ulikuwa na pimbi, na kila pimbi alikuwa na jiwe. Akatazama chini akawaona nyumbu, nao walianza kusogea.

"Panda, bwana," Bi Pimbi akarudia. "Wetu tuliwazika wenyewe. Wewe sijui atakuzika nani."

Tangu vita ianze, hiyo ndiyo siku ya kwanza ambayo Fisi hakusikia njaa.