Aliyekosa wa Kumwitikia

Wapendwa, hebu tulieni kidogo, na akina mama wa nyuma sogeeni, niwape mfano.

Alikuwepo mwimbaji mmoja, kijana wa Usukumani, mwenye jina kubwa. Akipita sokoni, watu wanaacha kupima nyanya. Siku moja akasikia habari za makao ya wazee katika mkoa wa mbali, wazee wasio na ndugu, wanaolala kwenye mikeka chini ya paa linalovuja. Ikamuuma sana. Akawatungia wimbo, akaandaa tamasha, uwanja ukafurika, watu wakalia na kuchanga. Paa likaezekwa upya, vitanda na magodoro vikaja, daktari akaanza kufika. Tusimcheke kijana huyu. Wangapi kati yetu tumewahi kumwezekea mtu paa?

Siku ya kukabidhi msaada akaenda mwenyewe, wapiga picha wakimfuata. Kwenye kitanda cha dirishani aliketi Bibi Minza. Kumbe naye ni Msukuma. Alifika huko ujanani na mume aliyekwenda kukata mkonge. Mume akafa, watoto hawakujaliwa. Wazee wenzake wote walikuwa wa makabila mengine. Aliposikia lafudhi ya yule kijana, akamkamata mkono.

"Mwangaluka," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," kijana akajibu bila kufikiri, kama anavyomwitikia mama yake.

Machozi yakamtoka bibi. "Tangu nimzike mume wangu, hakuna aliyenijibu hivyo."

"Bibi, nikuletee nini? Sema chochote."

"Godoro umeshaniletea, Mungu akubariki. Mjukuu wangu, mimi kwetu ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo za palizi, kwenye mashamba ya pamba. Naanzisha mimi, wenzangu wanaitikia. Hapa naanzisha, wa kuitikia hakuna. Kaa nikufundishe, uniitikie. Mara moja tu."

Akaanza. Sauti nyembamba, lakini imenyooka. Alipofika mahali pa kuitikia akanyamaza, akamwangalia kijana usoni. Kabla bibi hajafungua mdomo kumfundisha kiitikio, meneja wa kijana akaingia.

"Kaka, tunachelewa. Watu wa redio wanatungoja."

"Bibi, nitarudi," kijana akasema. Na alimaanisha. Hata sisi tunaposema nitarudi huwa tunamaanisha, si ndiyo?

Hakurudi. Alituma redio nzuri, yenye nyimbo zake zote. Akaimbia yatima, akaimbia waliopatwa na mafuriko, na kila mahali watu wakasaidika. Lakini kila alipokuwa jukwaani, akaimba mstari na uwanja mzima ukamwitikia, kitu kilimchoma. Anamwona yule bibi amenyamaza, anamwangalia. Hamu ya kurudi ikamshika, akaiahirisha, ikamshika tena. Mwisho akaona haivumiliki. Asubuhi moja akawasha gari, peke yake, hakumwambia hata meneja.

Akakuta kitanda cha dirishani kina mtu mwingine. Bibi wa kitanda cha jirani akamwambia, "Umechelewa, baba. Tulimzika mvua zilipoanza."

Kijana akakaa chini. Akauliza, "Aliendelea kuimba?"

"Kila siku. Redio yako anaizima, anaimba kidogo, ananyamaza, anatazama mlangoni. Halafu anaimba tena."

"Na pale aliponyamaza, panaitikiwaje? Niimbie, bibi, nipajue."

"Mwanzo ninao, nimeusikia mpaka nauota, ingawa lugha yenu siijui. Lakini kiitikio hakukiimba hata siku moja. Alisema hicho si chake. Ni cha mtu atakayekuja."

Yule bibi akaimba mwanzo, kwa maneno asiyoyaelewa. Akafika pale pale, akanyamaza. Na kijana mwenye sauti inayojaza viwanja hakuwa na la kuitikia.

Ndugu zangu, msitoke hapa mkisema mchungaji amekataza kuchanga. Wale wazee mpaka leo wanalala pakavu kwa sababu ya kijana huyo. Lakini sisi, tukishatoa, tunaona tumeshafika. Juzi tulipeleka mchele hospitali, tukapiga picha pale getini, tukarudi. Nani aliketi kando ya mgonjwa? Mama yako unayemtumia hela kwenye simu, mara ya mwisho ulimsikiliza lini mpaka akamaliza mwenyewe? Mungu wetu angeweza kututumia msaada akabaki juu. Hakubaki. Alishuka, akaketi nasi, akala nasi, akatuuliza tunataka nini na akangoja jibu.

Mzee wetu aliyekuwa akitupigia ngoma ya kwaya hapa, amelala kitandani tangu lini? Mnakumbuka? Mimi mwenyewe imebidi nimuulize mke wangu. Nyumba yake ni ile ya nyuma ya mashine ya kusaga. Basi leo ibada haiishii hapa ndani. Chukueni watoto, tunakwenda kwake, na hakuna kuaga mpaka yeye aseme amechoka.