Rai Iliyowekwa Amana kwa Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Tundwani uliozungukwa na ukuta wa mawe, alikuwako mtu mmoja jina lake Famau, naye hakuwa na kitu. Nyumba aliyolala ilikuwa ya dada yake mkubwa, Mwana Esha. Kanzu aliyovaa ilikuwa ya marehemu shemeji yake, na kofia yake hakuna aliyejua ilikotoka. Kazi yake ilikuwa kukaa barazani na kusema. Watu walimwita mpumbavu, naye hakubisha, kwa sababu mpumbavu hukaribishwa chakula kila nyumba, na mwenye akili huulizwa kwanza amefuata nini.

Basi ukaja mwaka ambao mji wa jirani, Mkele, uliteketezwa vitani, na watu wake wakaja na watoto wao na mikeka yao, wakapiga kambi nje ya lango la Tundwani, wakaomba waingie wakae. Sultani Muhiyadini akaamuru lango lifungwe mpaka atakapolifikiri jambo hilo. Akafikiri mwezi mzima. Na alipokuwa akifikiri, mji wote ulifikiri pamoja naye, ikawa hakuna baraza wala jiko ambamo lilizungumzwa neno jingine. Wako waliosema waingizwe, maana ni watu kama sisi. Wako waliosema wasiingizwe, maana visima ni vichache na mvua imekataa. Harusi moja ikavunjika wali ukiwa umeshapakuliwa, kwa kuwa baba wa bwana harusi alisema waingie na baba wa bibi harusi akasema wasiingie. Hata msikitini watu wakaanza kuchagua wa kusimama naye safu moja.

Nyumbani kwa Mwana Esha mambo yalikuwa hayo hayo. Yeye alisema waingie, Famau akasema wasiingie.

"Wewe umewahi kuteka maji?" dada yake humwuliza.

"Sijawahi," Famau hujibu, "lakini huyanywa, na kisima chetu nimekichungulia. Ukitupa ndoo hurudi na tope."

"Na wale watoto walio nje wanywe nini?"

"Hilo sijalifikiri, dada."

"Basi lifikiri kabla hujala."

Wakagombana hivyo kila siku, kisha Mwana Esha humpakulia uji, maana hakuwa mwanamke wa kumnyima mtu chakula kwa sababu ya maneno.

Huko kasrini, Sultani naye hakuwa na raha. Mke wake mkubwa alisema waingie, mdogo akasema wasiingie, na kila mmoja akimwuliza yeye yu upande gani. Ikawa Sultani anakula peke yake, na chakula kinapoa mbele yake. Mwisho akachoka, akamwita Waziri Sudi wakashauriana, na asubuhi yake mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza:

"Sikilizeni, enyi watu wa Tundwani! Tangu leo rai zote ni mali ya Sultani. Aliye na rai yake mwenyewe ailete kasrini, iwekwe. Atakayeonekana nayo mtaani atatiwa gerezani. Na rai yoyote itakayotoka kinywani mwa Sultani, hiyo ndiyo rai ya mji, nayo itatendwa papo hapo!"

Watu wakanyamaza. Mwana Esha hakunyamaza. Siku ile ile alikwenda langoni na chungu cha uji kichwani, askari akamzuia.

"Wale watoto wana njaa," Mwana Esha akasema. "Wapewe uji."

Askari akafikiri kidogo, kwa kuwa sheria ilikuwa mpya. "Kwamba wana njaa, hiyo ni habari," akasema. "Kwamba wapewe uji, hiyo ni rai." Akamshika, akampeleka gerezani, na chungu kikabaki pale chini, uji ukiingia nzi.

Famau aliporudi nyumbani akakuta jiko limepoa, na majirani wakamweleza yaliyotokea. Akakaa kizingitini. Hakuwa na mtu wa kubishana naye, na uji haukuwako, wala hakujua ni lipi kati ya hayo mawili lililomwuma zaidi. Alipotambua kuwa si la uji, akainuka, akatwaa pakacha tupu, akalifunika kwa kitambaa, akashika njia ya kasrini.

Akamkuta Sultani amekaa barazani na Waziri Sudi na kadhi wa mji, na watu wengi wamehudhuria. Famau akainama, akanena, "Mola akuweke, bwana wangu. Nimesikia mbiu, nami nimeleta rai yangu."

Waziri Sudi akafunua kitambaa, akachungulia. "Mbona hamna kitu humu?"

"Rai haionekani, bwana waziri. Ingekuwa inaonekana, askari wasingehangaika kusikiliza watu."

Sultani akauliza, "Ni rai juu ya nini?"

"Juu ya watu walio langoni, bwana wangu. Lakini kuisema siwezi, maana nikiisema nitakuwa nimeonekana nayo. Naiweka amana kwako, kimya kimya, mbele ya kadhi na mbele ya watu hawa."

Sultani akapunga mkono kama mtu afukuzaye nzi. "Haya, nimeipokea. Nenda zako."

Famau hakwenda. "Bwana wangu, sasa sina rai hata moja. Dada yangu ambaye hunipikia yumo gerezani. Kwamba nina njaa, hiyo ni habari. Lakini kwamba nile sasa au ningoje kesho, hiyo ni rai, nami sinayo tena. Wewe waonaje?"

"Kale!" Sultani akafoka. "Nenda ukale!"

Na kwa kuwa neno lilitoka kinywani mwa Sultani, askari wawili wakamchukua Famau mpaka jikoni kwa Sultani, wakamlisha nyama ya mbuzi na wali, wakasimama juu yake mpaka alipomaliza.

Habari hiyo ikatembea. Kulipokucha, ua wa kasri ulijaa watu. Muuza nazi alitaka kujua kama nazi zake zimekomaa. Seremala alileta mlango mzima, aambiwe kama umenyooka. Mtu mmoja aliuliza kama mchuzi wa mkewe umezidi chumvi, na mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, akingoja jibu la Sultani kwa makini. Sultani alijibu mpaka sauti ikamkauka. Alipomwambia mtu mmoja kwa hasira, "Kanzu yako hiyo ifaa kuchomwa moto!" askari wakamvua yule mtu kanzu wakaichoma, naye akarudi kwao amejifunga jamvi. Ikawa hivyo siku kadhaa, na askari wakawa wepesi mno wa kutii.

Sultani akauliza ni nani aliyelianzisha jambo hili, akaambiwa ni Famau. Basi siku ya Ijumaa, baada ya sala, Famau akaletwa barazani mikono imefungwa, na mji wote ukakusanyika. Mwana Esha naye akatolewa gerezani aje atazame.

Sultani akanena, "Ewe Famau! Leo utasema rai yako mwenyewe juu ya watu walio langoni. Mimi nina yangu, na sijaitangaza. Ukisema kinyume na yangu, huo ni uasi. Ukisema sawa na yangu, huo ni unafiki, maana utakuwa umesema kwa hofu. Ukinyamaza, hiyo ni dharau. Na kwa yote matatu malipo ni upanga. Haya, nena."

Famau akamtafuta dada yake kwa macho, akamwona amesimama kati ya askari wawili, shungi limechafuka, midomo ameibana. Hakuwa amewahi kumwona amenyamaza muda mrefu hivyo.

"Nitanena, bwana wangu," akasema. "Lakini rai yangu sinayo. Niliiweka amana kwako, ukasema umeipokea. Nirudishie kwanza, ndipo niiseme."

Watu wakageuza vichwa, wakamtazama kadhi. Sultani naye akamtazama. Kadhi alikuwa mtu mwoga lakini aliyesoma kwa miaka mingi, na hofu ile ikashindwa na masomo yale. Akasema huku akitazama chini, "Mwenye kupokea amana huirudisha kama alivyoipokea, bwana. Asipoirudisha, hawezi kumdai mwenye amana neno lolote."

"Nitairudishaje," Sultani akasema, "na huyu hakuniambia ni rai gani?"

"Ulisema umeipokea, bwana wangu," Famau akajibu. "Mimi ni nani niseme hukuipokea?"

Hapo Waziri Sudi akainama, akanong'ona sikioni mwa Sultani, "Bwana, huyu ni nduguye yule mwanamke wa uji. Wanakula chungu kimoja. Rai yao yaweza kuwa mbili?"

Uso wa Sultani ukang'aa. Akasimama, akasema kwa sauti kuu, "Twaa amana yako, ewe mpumbavu! Lango lifunguliwe, na watu wa Mkele waingie wakae mjini! Hiyo hapo. Umeipata?"

Jemadari wa askari akainama papo hapo, akaondoka mbio na watu wake.

"Wale wanakwenda wapi?" Sultani akauliza.

"Kufungua lango, bwana," Waziri Sudi akajibu, na uso wake umesawijika. "Neno limetoka kinywani mwako."

Famau alikuja pale na hila ya kuokoa shingo yake, basi. La lango hakulikusudia. Na rai ile haikuwa yake. Angesema tu, "Siyo hiyo, bwana," Sultani angekuwa ameshindwa na amana mbele ya kadhi, na jemadari angeitwa arudi, na lango lingebaki limefungwa kama Famau mwenyewe alivyotaka. Akamtazama tena dada yake. Mwana Esha, aliyeijua rai ya nduguye kuliko mtu yeyote mjini, alikuwa akimkazia macho.

Kule mbali bawaba za lango zikalia, na kelele za watoto zikasikika.

"Nimeipokea, bwana wangu," Famau akasema.

Sultani akakaa. Juu, dirishani, mke wake mkubwa akapiga kigelegele. Mdogo akalifunga dirisha lake kwa kishindo. Na Sultani akaona ajabu, kwamba jambo lililomtesa mwezi mzima limekwisha, na kwamba sasa ana njaa. Akaamuru Famau afunguliwe, na Mwana Esha aachwe huru. Kisha akasema, "Waambieni watu waje wachukue rai zao. Mimi sina pa kuziweka."

Watu walipotawanyika akamwita Famau karibu, akamwuliza kwa sauti ndogo, "Sheria imekwisha. Niambie kweli, ndiyo iliyokuwa rai yako?"

"Siyo, bwana wangu. Mimi nilisema wasiingie. Visima ni vichache."

Sultani akacheka, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani. Alipopata pumzi akasema, "Mtu kama wewe hawezi kuondoka kwangu bila zawadi." Akapiga makofi, ikaletwa sururu. "Nakupa cheo. Tangu leo wewe ndiwe msimamizi wa kisima kipya cha mji. Na kuchimba utachimba mwenyewe."

Famau, ambaye hakuwahi kushika kitu kizito kuliko kikombe cha kahawa, akaipokea kwa mikono miwili akashukuru.

Akachimba pamoja na vijana wa Mkele, waliomcheka namna alivyoishika sururu, kisha wakamfundisha. Mwana Esha akawaletea uji, akakaa ukingoni, akawaambia kila siku kwamba shimo linakwenda upande. Viganja vya Famau vikatoka malengelenge, kisha vikawa vigumu. Na maji yalipotoka, wenyeji na wageni wakaja na kata zao wakaonja. Wengine wakasema ni matamu. Wengine wakasema yana chumvi kidogo. Wakabishana pale kisimani mpaka jua likachwa, na hakuna aliyekwenda kasrini kuuliza.